Nilikopa nikiwa na miaka 16, sasa nina 24 na wanadai. Kisheria nadaiwa?

Kijana wa Isyonje:
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa wanaojua sheria na wale waliopitia. Nimekaa na hili jambo muda mrefu na sasa limefika mahali silali.

Mimi nimezaliwa Machi 2001, nyumbani ni Isyonje huku barabara ya Tukuyu. Baba alifariki 2016, mama akawa mtu wa kuumwa, dada yangu mkubwa alikuwa ameshaolewa Makambako. Nilibaki na mdogo wangu wa kike. Mwaka 2017 nilikuwa form three. Ada hamna ni kweli, lakini kuna michango ya chakula, kuna sare, kuna madaftari, na nyumbani lazima mle. Kwahiyo nikaamua kulima viazi robo heka ya shamba la baba.

Hapo ndo nikaingia madeni matatu. La kwanza kuna mzee mmoja alikuwa anauza pembejeo, alinipa gunia 4 za mbegu, mfuko mmoja wa mbolea ya DAP na dawa ya ukungu, jumla 310,000, makubaliano nikivuna ndo nalipa. La pili mama mmoja mwenye duka hapo mtaani, unga, mafuta ya taa, sabuni, chumvi, mpaka madaftari ya mdogo wangu, ikafika 47,500. Viazi havikutoka wakuu. Mvua ilipiga wiki mbili mfululizo na ukungu wa asubuhi haukatiki, nikaamka siku moja nakuta majani yamelala meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Nilivuna debe tano, vyenyewe vidogo vya kupikia ndondo.

La tatu ndo baya. 2018 mwanzoni, nina miaka 16 na miezi kumi, mama alizidiwa, nikaenda mjini kwenye hizi ofisi za kausha damu, mikopo ya riba kubwa, nikachukua 200,000. Waliniona na sare ya shule kabisa, wakasema tafuta mdhamini. Dada akaja kutoka Makambako akasaini, akaandikisha kitanda na kochi zake. Nililipa marejesho kama manne hivi nikashindwa, mama akafariki, mimi nikaacha shule nikaenda Mafinga kwenye mashine za mbao na ndo nipo mpaka leo.

Sasa mwezi uliopita hao wa kausha damu wamempigia dada wanasema deni limefika 1,900,000 na wataenda na polisi, na picha yake wataiweka kwenye magrupu. Mume wake hajui. Kuna jamaa hapa kazini kaniambia mkataba wa mtoto ni batili hudaiwi hata senti tano. Nilifurahi siku hiyo, nikanunua mpaka nyama. Ila usiku nikamkumbuka yule mzee wa mbegu. Je na yeye hanidai? Naombeni mnisaidie, kisheria nadaiwa nini na sidaiwi nini.

Ankoli wa Tukuyu:
Pole sana mdogo wangu kwa wazazi. Jamaa yako kakwambia ukweli. Chini ya miaka 18 huna mkataba. Mtu mzima mwenye akili timamu anampa mtoto mwenye sare laki mbili kwa riba ile halafu anakuja kulia miaka 7 baadae? Alijua anachofanya. Usilipe hata mia, na wala usiwe na huruma na mtu aliyemwinda mtoto ambaye mama yake yuko kitandani. Mimi mtoto wa ndugu yangu walimfanyia hivyo hivyo, tuliwakatalia na hawakurudi. Achana na yote matatu, anza maisha.

Mama Pembejeo Uyole:
Ankoli nakuheshimu lakini hapo kwenye "yote matatu" umenichoma.

Mwanangu, mimi ni muuza pembejeo, nina duka mwaka wa 14 huu. Nataka nikwambie upande wetu kwa sababu humu watu wanaongea kama kila anayedai ni mnyang'anyi. Mtoto anakuja dukani asubuhi, miguu ina umande, anasema mama nikopeshe mbegu. Unamjua baba yake alizikwa lini, maana ulikuwepo msibani. Unajua kabisa huyu hana dhamana wala mtu wa kumsemea. Ukimnyima, hilo shamba linakaa pori na mwakani anaacha shule. Ukimpa, unajua moyoni kwamba huenda hela hairudi. Mimi nimewapa wengi. Wapo waliolipa, wapo walioniona sokoni Mwanjelwa wakabadilisha njia. Wanaobadilisha njia ndo wanaoniuma, maana hela ilishaisha kuuma zamani, mbolea ni mbolea tu, msimu ukiisha umeshasahau. Kinachobaki ni ule uso unaokukimbia.

Huyo mzee hakukuwekea riba. Mbegu ile angemuuzia mtu mwenye hela taslimu siku hiyo hiyo. Usimweke kapu moja na hao wa kausha damu mwanangu, nakuomba.

Msaidizi wa Kihesa:
Kamwene wote. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Iringa, sio wakili, kwahiyo nitakachosema ukachukue kama mwanga halafu uende na karatasi zako kwa mwanasheria. Nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Kwanza umri. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 11, inasema mwenye uwezo wa kuingia mkataba ni aliyefikia umri wa utu uzima na mwenye akili timamu, na makubaliano ya asiye na uwezo huo ni batili. Batili sio "yanaweza kuvunjwa", ni kama hayakuwahi kuwepo. Sheria hii tumeirithi kutoka India, ile ya kwao ya 1872 ilitumika hapa Tanganyika mpaka tulipopata yetu 1961, ndo maana mahakama zetu zinaangalia sana kesi za huko. Maarufu ni Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose ya 1903. Kijana wa Calcutta aliweka rehani nyumba zake kwa mkopeshaji, mkopo wa rupia 20,000, akiwa hajafikisha umri, na mtu wa mkopeshaji alikuwa na taarifa kabisa kuwa huyu ni mtoto. Kesi ikafika mpaka London, wakaamua rehani ni batili na mkopeshaji hakurudishiwa hela yake. Nakutajia hiyo kwa sababu inafanana na yako, walikuona na sare. Kwahiyo kwa hao wa kausha damu, wewe kama wewe, una msingi mkubwa sana.

Lakini sasa jamaa yako wa Mafinga hakumaliza kusoma. Kifungu cha 68 cha sheria hiyo hiyo kinasema aliyempa asiye na uwezo wa kuingia mkataba mahitaji ya lazima yanayoendana na hali yake ya maisha, au aliyewapa wale ambao huyo mtu ana wajibu wa kuwatunza, ana haki ya kurudishiwa kutoka kwenye mali ya huyo mtu. Angalia maneno, kutoka kwenye MALI yake, sio yeye kufungwa wala kukamatwa. Unga, chumvi, sabuni, hayo ni mahitaji ya lazima mchana kweupe. Yule mama wa duka hana mkataba na wewe lakini sheria inamtambua, na anatambuliwa kwa bei ya haki, sio bei atakayojitungia.

Mbegu na mbolea hapo pana mjadala. Kuna kesi ya Uingereza ya 1908, Nash dhidi ya Inman, fundi cherehani alimshonea mwanafunzi wa chuo Cambridge nguo nyingi zikiwemo vizibao 11 vya fahari kwa mkopo. Mahakama ikasema fundi hajathibitisha kuwa kijana alizihitaji, maana baba yake alishamnunulia nguo za kutosha, basi fundi hakulipwa kitu. Kipimo ni kwamba kitu kinaendana na hali yako na ulikuwa unakihitaji kweli wakati ule. Sasa yatima wa Isyonje anayelima ili ale, mbegu ni hitaji la lazima au ni biashara? Mahakama nyingi za zamani ziliona bidhaa za biashara ya mtoto sio mahitaji ya lazima. Mimi moyoni naona mbegu kwa yule anayekula anacholima ni chakula ambacho hakijaota. Lakini ndo hivyo, hakimu anaweza kuona tofauti.

Bin Mshindo:
Assalaam alaykum. Naongezea upande wa dini maana ndugu kauliza sheria lakini naona kinachomkosesha usingizi sio sheria.

Kwetu aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'an, Al-Baqara 282, ni ya deni. Inataka deni liandikwe, na anayeandikisha ni yule mdaiwa mwenyewe. Ila inaendelea, kama mdaiwa ni mpungufu wa akili au dhaifu au hawezi kuandikisha mwenyewe, basi walii wake, yaani msimamizi wake, aandikishe kwa uadilifu. Na kwenye An-Nisaa aya ya 6 yatima anapimwa mpaka afike umri wa kuoa, akionekana ana uongofu ndo anapewa mali yake. Kwahiyo hata huko mtoto haachiwi abebe deni peke yake, lazima kuwe na mkubwa nyuma yake. Wewe nyuma yako hakukuwa na mtu, hapo ndo kosa la sisi watu wazima wa mtaa lilipo, sio lako. Riba ya hao jamaa kwetu ni haramu hata kama ungekuwa na miaka 60. Lakini mzee wa mbegu na mama wa unga hao ni haki ya mja, yaani ya binadamu mwenzako, na haki ya mja inasubiri.

Kijana wa Isyonje:
Nawashukuru sana, ndaga fijo. Mama Pembejeo nimesoma pale kwenye kubadilisha njia nimekaa kimya muda mrefu, kwa sababu nimefanya hivyo. 2021 nilikuja kumzika bibi, nikamwona mzee amekaa kwenye kibaraza cha duka lake, nikapita kwenye mahindi ya watu nikatokea mbele.

Mama wa duka nimeshampigia, nimemtumia 60,000 kwenye simu. Alikataa hiyo ya juu anasema ni 47,500, nikamwambia bei ya unga wa 2017 sio ya leo. Alilia kwenye simu, akaniuliza mdogo wangu anaendeleaje.

Msaidizi swali langu ni dada. Mimi nikiwa nimetoka, yeye je? Maana alisaini akiwa na miaka 25.

Msaidizi wa Kihesa:
Hapo ndo nilikuwa naogopa utauliza.

Dada alikuwa mtu mzima na sahihi ni yake. Mkataba wa udhamini unaangaliwa peke yake. Wapo watakaosema kama deni lenyewe halikuwepo mdhamini anadhamini nini, na wapo watakaosema alijua anamdhamini mtoto akakubali kubeba mwenyewe. Kwahiyo usimwambie dada katoka. Mwambie atafute nakala ya ule mkataba. Vitu vya kuangalia ni hivi, hao watu wana leseni? Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji lazima awe na leseni chini ya utaratibu wa Benki Kuu, sio kufungua chumba na kuweka meza. Halafu hiyo 200,000 kuwa 1,900,000 imekokotolewaje, waandike kwa maandishi, na yale marejesho manne yako wapi kwenye hesabu yao. Tatu, muda. Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, na hilo deni ni la 2018. LAKINI mtu akikiri deni kwa maandishi au akilipa kidogo ndani ya muda, hesabu inaweza kuanza upya. Kwahiyo dada asisaini karatasi yoyote mpya, asitume hata elfu kumi ya "kuonyesha nia njema" kabla hajaonana na mwanasheria. Na wewe vilevile, karatasi utakayosaini leo ukiwa na miaka 24 ni ya mtu mzima, usije ukafufua kilichokufa.

Polisi ni vitisho. Deni ni madai sio jinai, polisi sio wakusanya madeni. Wakienda kweli dada aulize anatuhumiwa kosa gani. Na hiyo ya picha kwenye magrupu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na kuna Tume yake, ahifadhi meseji zote na rekodi za simu asifute hata moja.

Msaada wa kisheria ni bure kwa asiyejiweza, tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Aende ofisi ya halmashauri aulizie ofisa ustawi wa jamii, watamwelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa.

Ankoli wa Tukuyu:
Nimekuelewa Msaidizi. Na Mama Pembejeo unisamehe, niliandika kwa hasira ya yule mtoto wa ndugu yangu. Kijana, ongea na shemeji yako kabla hawajampigia wao. Mwanaume akisikia deni la mke wake kutoka kwa mtu baki nyumba inaweza kuvunjika, ila akisikia kutoka kwako umekaa mbele yake na kofia mkononi, atakasirika halafu atakaa chini mpange. Ukiona mazito panda na mtu mzima wa ukoo.

Mama Pembejeo Uyole:
Na uende kwa mzee. Usitume kwenye simu. Huyo wa duka sawa ni mama yenu wa mtaa, ila mzee uende na miguu yako, mbele ya duka, pale pale ulipompita.

Kijana wa Isyonje:
Wakuu narudi na mrejesho, ni wiki tatu sasa.

Makambako nilienda na baba mdogo. Shemeji alinyamaza kama nusu saa hivi, akatoka nje, akarudi na maji ya kunywa akanipa. Dada kapata mkataba, mwanasheria kauangalia, kawaandikia barua ya kuomba leseni yao na mchanganuo wa deni. Mpaka leo hawajajibu na simu zimekata. Haijaisha najua, ila dada analala.

Kwa mzee nilienda Jumamosi. Duka lilishafungwa, macho yamemsumbua, haoni vizuri, anakaa ndani karibu na jiko la mkaa kwa sababu ya baridi. Nikajitambulisha kwa jina la baba, akasema "wewe ni wa viazi". Nikatoa bahasha, 310,000 kamili. Hakuipokea. Akamwita bibi amletee daftari, lile kubwa la jalada jeusi, limelowa kona moja. Bibi akafunua 2017. Ukurasa mzima majina ya watu yameandikwa kwa wino wa bluu, mengine yamekatwa mstari. Langu lipo chini kabisa, limeandikwa kwa penseli. Gunia 4, DAP 1, dawa pakiti 2. Na pembeni "mwanafunzi".

Nikauliza kwanini penseli. Bibi ndo akajibu, kasema watoto alikuwa anawaandika kwa penseli tu, ili ikitokea wameshindwa yeye au mtu mwingine afute, isibaki alama. Na kwenye ule ukurasa palikuwa na sehemu kama sita hivi zimefutwa, unaona karatasi imekwaruzwa. Langu hakulifuta. Mzee akasema "wewe nilijua utakuja, nilitaka ulikute".

Nililia wakuu. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kifungu cha 68 kichwani, nimejiandaa kumweleza kwamba kisheria silazimiki ila nalipa kwa hiari yangu, yote yakaishia kooni.

Hela aligoma. Alisema hela ya nini, alinipa mbegu, nimrudishie mbegu. Mtoto wake mdogo anataka kulima lile shamba la juu mvua zikianza. DAP kasema iliyeyuka na mvua ile ile iliyoua viazi, hiyo tuachane nayo. Nikamwomba bibi aniandike upya, akachukua kalamu akaandika jina langu na gunia 4, kwa wino.

Sasa naomba, mwenye mbegu safi za viazi ambazo hazina mnyauko, Uporoto au hata Njombe, anicheki. Sitaki za sokoni za kubahatisha. Nimesikia pale TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, wanaelekeza wakulima wenye mbegu zilizothibitishwa, kama kuna aliyenunua huko msimu huu aniambie utaratibu ukoje. Nahitaji gunia 4 zifike Isyonje kabla ya mvua.